Sanduku la nyimbo: je, chombo kinaweza kutufundisha kusikiliza?

Kiswahili chetu kimetupa maneno matatu kutoka mzizi mmoja: kusikia, kusikiliza, kusikilizana. Kusikia ni kazi ya sikio tu. Hata mtu aliyelala anasikia mvua juu ya mabati. Kusikiliza ni jambo lingine. Pale mtu anageuza roho yake kwa ile sauti, anaiacha iingie, anangoja imalize. Na kusikilizana tunakujua wote: ni kuishi kwa amani. Tukisema bwana na bibi hawasikilizani, hatusemi kwamba masikio yao ni magonjwa. Tunasema nyumba yao inaungua. Kwa hiyo lugha yenyewe inaonyesha kama kuna njia kutoka sikio mpaka amani, na katikati ya ile njia kuna kusikiliza. Siku hizi ile katikati njo inapotea.

Katika chama chetu swali hili halikutoka katika vitabu, lilitoka katika kazi. Kwa miaka kadhaa tunatembea vijijini, na hata katika malupango ya mji, kurekodi nyimbo za wazee: za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za wawindaji, za kilio. Tunazirekodi kwa kifaa kidogo, tunaziweka katika ordinatere, na vijana wanazichukua kwa telefone zao. Wimbo mmoja wa mama mzee, wa dakika 11, ulipewa vijana ishirini. Nyuma ya juma moja tuliwauliza. Wengi walijibu kwa adabu: “Ni muzuri, mwalimu, lakini ni murefu.” Walisikia mwanzo, kisha kidole gumba kikapita. Lakini katika wimbo ule, neno lenyewe liko karibu na dakika ya tisa. Mbele ya pale mama anazunguka tu, anasalimia ukoo, anataja mito, anaomba ruhusa kwa wakubwa. Mtu aliyesikia dakika mbili hakusikia sehemu ya wimbo. Alisikia mlango, hakuingia nyumba.

Njo mmoja wetu, mwenye kufundisha mambo ya umeme, alileta wazo. Tutengeneze sanduku la mti, la ukubwa wa mkate. Halina kioo, halina namba, halina kibonyezo cha kurukisha wimbo. Pembeni kuna kikapu cha vipande vya mti, kila kipande kimechongwa alama yake: mchi, samaki, mkono, jembe. Ukiweka kipande juu ya sanduku, wimbo wake unaanza. Ukikiondoa, unanyamaza. Ukitaka wimbo mwingine, unasimama, unaondoa cha kwanza, unachagua katika kikapu, unarudi. Hakuna uchawi ndani. Chini ya kila kipande kuna kibandiko chembamba chenye uzi wa chuma uliozungushwa na punje ndogo ya kumbukumbu. Hakina batri, kinaamka tu kikifika karibu ya kisomaji kilicho ndani ya sanduku, na kinatoa namba yake. Nyimbo zenyewe ziko katika kadi ndani ya sanduku. Kwa umeme, tunaweza kutumia kibao cha jua ao mkono wa kuzungusha, kama ile redio aliyoibuni Mwingereza Trevor Baylis, iliyotengenezwa Cape Town katika miaka ya 1990: unazungusha kidogo, unapata redio karibu nusu saa bila kununua mawe.

Wazo likaleta mabishano, na mabishano yale njo ninataka kuyaandika hapa, juu yanagusa jambo kubwa kuliko sanduku. Tuko na haki ya kutengeneza chombo chenye kumnyima mtu uhuru wake wa kuharakisha? Na kusikiliza polepole ni tabia njema ya kweli, ao ni masikitiko ya watu wazima tu?

Tuanze na hesabu, juu hesabu haina hasira. Kijana mwenye kadi ya giga 8 katika telefone anaweza kubeba nyimbo karibu 2.000, tukisema kila wimbo ni dakika 4 na unakula mega 4. Ni dakika 8.000, ni saa 133. Akitaka kuzisikia zote mara moja tu, hatalala siku tano na nusu, mchana na usiku. Na ile kadi ni ndogo; wenye intaneti hawana hata mpaka. Sasa jiulize: mtu mwenye nyimbo 2.000 ataupa wimbo mmoja nafasi gani? Wimbo unasimama kama mtu katika safu ndefu mbele ya dirisha la ofisi. Anayehudumia hamtazami usoni, anatazama safu. Sioni kama kijana ana kosa. Wingi wenyewe unamfundisha mkono wake kukimbia.

Wengine katika chama walisema: basi turudi kwa vyombo vya zamani, vile vilikuwa na heshima. Hapa ninawakatalia. Chombo cha zamani nacho kilikuwa na kisu chake. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda wa Bayeke pale Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, diski ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja uliweza kubeba dakika tatu hivi. Wimbo “Masanga” ulizunguka Afrika nzima na Ulaya, vidole viwili vya Mwenda vikawashangaza wapiga gitaa wa nchi ambazo yeye hakuwa amezijua bado. Ni heshima kubwa kwa Katanga. Lakini dakika tatu! Muziki ambao ulikuwa unafuata usiku, unaorefuka kama wachezaji wako na nguvu na kufupika kama pombe imeisha, ulifundishwa kukaa ndani ya dakika tatu. Kisha zikaja diski ndogo za 45, na wanamuziki wetu wa Léopoldville na baadaye Kinshasa wakakata wimbo mmoja vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Msikilizaji alipaswa kusimama katikati ya dansi, kugeuza diski. Diski kubwa ilipotawala, rumba ikapanuka tena: “Mario” ya Franco, ya mwaka 1985, inakwenda karibu robo saa, na watu waliisikiliza neno kwa neno juu ilikuwa hadithi ya jirani waliyemjua.

Maana yake, hakuna chombo kisichofundisha. Gramofoni ilifundisha ufupi, lakini pia ilifundisha kazi ya mkono: kuitia ufunguo, kubadilisha sindano ya chuma ambayo iliharibika upesi, kufuta vumbi. Mtu aliyefanya kazi ile kwa dakika tatu za muziki hakuacha dakika tatu zile zipite bure. Telefone nayo inafundisha, hata kama mwenyewe anafikiri ni yeye anayeamrisha. Kwa hiyo swali la kwanza limejijibu. Anayesema “msitengeneze chombo chenye kuongoza watu” amechelewa. Anacho kimoja tayari katika mfuko wake, na waliokitengeneza hawakumwuliza.

Mkono na sikio ni ndugu tangu zamani, na kwa jambo hili Wakongomani hatuna na haja ya kwenda shule mbali. Waluba wako na lukasa. Ni kibao cha mti chenye kuingia katika mkono, kimepangwa shanga, makombe na alama za kuchonga. Katika umoja wa Mbudye, wale wanaoitwa bana balute, watu wa kumbukumbu, walikishika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, huku wakitoa historia ya wafalme, safari zao, mahali patakatifu, sheria za utawala. Watalamu walioandika juu ya lukasa, kama Mary Nooter Roberts na Allen Roberts katika kitabu cha mwaka 1996, wanaeleza jambo ambalo linanigusa sana: kibao kimoja hakitoi hadithi ileile kila siku. Kinategemea nani anayekisoma, mbele ya nani, kwa shauri gani. Shanga haisemi, inamkumbusha msemaji.

Kisanji chetu pia, ambacho wengine wanaita likembe, ni kitu cha kushikwa. Vidole gumba viwili, ndimi za chuma, mara nyingine zimefuliwa kutoka waya ya baisikeli ao ya mwavuli, na vipete vidogo vya kutoa mvumo. Mgeni anafikiri ule mvumo ni ugonjwa wa chombo, anataka kuuondoa. Kumbe njo sehemu ya sauti. Ni sababu nyingine inayonifanya nipende vipande vya mti vya sanduku letu vigongane kidogo, vikwaruze. Chombo kilicho laini sana kinasahaulika katika mkono. (Mwenzetu wa umeme hakubali, yeye anataka kila kitu kikae kimya. Tutaona.)

Lakini mfano mkubwa kwangu ni lokole, ngoma ya mti ya kupasuliwa mdomo, kama Walokele karibu ya Kisangani walivyoitumia. Misionari John Carrington, aliyekaa Yakusu na kuandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza gisi zinavyosema. Ngoma haina konsonanti wala vokali, iko na sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Maneno mengi ya lugha yanafanana kwa sauti zile mbili, kwa hiyo neno moja peke yake halieleweki. Wazee wakafanya nini? Hawakupiga kwa nguvu zaidi. Walirefusha. Neno moja fupi likawa fungu zima la maneno, sentensi yenye mapambo, na urefu wenyewe njo ulioondoa shaka. Mtu wa mji anaweza kucheka: wazee walipoteza wakati kwa kusema mwezi ao ndizi kwa maneno mengi! Hapana. Bila maneno mengi, hakuna ndizi, kuna kelele. Urefu haukuwa pambo juu ya maana. Urefu ulibeba maana. Na msikilizaji wa mto, mwenye kukata fungu katikati, hakupata nusu ya habari. Alipata habari ya uwongo, labda akaenda kwenye arusi badala ya kilio.

Mama yetu wa dakika 11 anaimba kwa sheria ileile. Salamu zake za mwanzo zinamwambia msikilizaji nani anasema, kwa haki gani, kwa ukoo upi, kusudi neno la dakika ya tisa lisianguke kama jiwe kutoka mbinguni. Tukimkata tupate “sehemu nzuri” na kuwapa vijana, kama mmoja alivyopendekeza, tutakuwa tunapiga lokole kwa neno moja.

Watengenezaji wa vyombo katika nchi za mbali nao wamechoka na mwendo wa mashine zao. Huko Sweden, mwaka 2001, Lars Hallnäs na Johan Redström waliandika juu ya teknolojia ya polepole, yaani vyombo vinavyompa mtu nafasi ya kuwaza, visivyo tu vya kumsaidia amalize kazi upesi. Marekani, Hiroshi Ishii na wenzake wa MIT walitengeneza chupa za kioo: ukifungua kizibo, muziki unatoka, ukikirudisha, unanyamaza. Na Kanada, William Odom na wenzake walifanya chombo kinachoitwa Olly, wakakiweka katika nyumba tatu kwa miezi 15. Olly inakumbuka nyimbo ambazo mwenyewe alizisikiliza zamani. Mara moja moja inachagua mmoja, na kibao cha mviringo cha mti kinaanza kuzunguka polepole. Ukikizungusha kwa mkono, wimbo unacheza, ukikiacha, unapita. Huwezi kuchagua wimbo, huwezi kuchagua saa.

Ninaiheshimu kazi hii, lakini Olly siwezi kuileta katika lupango yetu bila kuigeuza. Ile ni chombo cha mtu mmoja na kumbukumbu yake mwenyewe. Wimbo wa mama mzee si kumbukumbu ya kijana. Ni kitu anachopewa na mwingine. Na kwetu mashine kuchagua saa ya wimbo ni jambo la hatari. Wimbo wa kilio hauchezi wakati watu wanakula bukari na kucheka.

Sasa nifike kwa pingamizi ambalo lilinyamazisha mkutano. Kijana mmoja, mwanafunzi, alisimama akasema: “Bazee, munasifu polepole. Sisi tuko nangoja kila siku. Tunangoja umeme, tunangoja maji, tunangoja bus, tunangoja diplome. Polepole ni ya batu ya Ulaya, benye kuchoka na mbio. Sisi mbio hatujaiona bado.” Watu wengine walipiga makofi, na mimi pia nilipiga. Kuna namna ya kusifu upole wa zamani ambayo ni kumwambia maskini akae palepale.

Lakini tuangalie vizuri. Kungoja umeme ni wakati ambao mtu amekuibia. Kumngoja msemaji amalize ni wakati ambao wewe unampa. Kwa saa ya ukutani ni mamoja, kwa maadili ni kinyume. Aliyeibiwa wakati kila siku ana haki ya kukasirika, na ana sababu nzuri ya kulinda uchache uliobaki. Ndiyo sababu hatuwezi kumlazimisha. Zawadi ya kulazimishwa si zawadi, ni kodi. Kama sanduku letu linafunga mlango mpaka wimbo uishe, tumejenga dirisha lingine la ofisi.

Basi tofauti kati ya telefone na mkusanyiko wa zamani iko wapi? Wengine wanafikiri zamani watu walikuwa na subira kubwa. Siamini sana. Watoto walisinzia, vijana walitoroka kwenda kutafuta wachumba, hata wazee wengine walichoka. Uhuru wa kuondoka ulikuwako. Ila ulikuwa na bei: ulipaswa kusimama, kupita mbele ya moto, na mwimbaji alikuona. Kesho aliweza kukuuliza. Kuondoka kwako lilikuwa jibu, na mwimbaji alilipokea. Labda alifupisha, labda alikutania katika ubeti wa kufuata. Kwa telefone, unamwacha mama katikati ya neno na hakuna anayejua, hata wewe mwenyewe hujui kama umemwacha mtu. Unafikiri umeacha sauti.

Hapa njo mawazo yangu yaligeuka kuhusu sanduku. Jambo lenye kukosekana si mwendo wa polepole, ni macho. Kwa hiyo sanduku lisikatae kusimamishwa. Anayetaka kuunyamazisha wimbo, na aunyamazishe, lakini kwa kusimama na kuondoa kile kipande kwa mkono wake, mbele ya waliokaa. Kurukia mbele ndani ya wimbo kusiwezekane, juu mbele ya mwimbaji mzima hakuna anayeweza kumwambia “fika dakika ya tisa”. Na sanduku lisifanye kazi na vidude vya masikioni. Likae katikati, kama sahani ya chakula. Mwenzetu wa umeme alifurahi, maana inapunguza nyaya.

Linabaki shauri la nani atashika vipande, na hapa mkutano haujaisha. Wimbo katika telefone unazaa nakala kama panya, ukishatoka, haurudi. Kipande cha mti ni kitu: kinaweza kutolewa, kukataliwa, kurithiwa, kufungwa katika kitambaa mpaka siku yake. Familia inaweza kushika kipande cha wimbo wa kilio chao, na sanduku la chama likakaa kimya kwa wimbo ule mpaka wenyewe wakilete. Kwa mara ya kwanza tuna njia ya kuwarudishia waimbaji ufunguo wa nyimbo zao, kitu ambacho warekodi wengi wa zamani hawakukifikiri.

Lakini mchwa nao wanakula mti, na katika upande wetu wa inchi nyumba zimeporwa zaidi ya mara moja. Familia ikikimbia usiku, itabeba watoto na sufuria, haitabeba alama ya mchi. Na kuna shangazi ambaye atamnyima mtoto wa ndugu yake kipande kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Sisemi labda, ninasema atamnyima. Upande mmoja wa mkutano unataka chama kishike nakala ya pili ya kila kipande. Upande mwingine unasema nakala ya pili ni wizi wenye risiti. Mimi ninaelekea kwa nakala, kwa sharti moja: iwekwe mbali na sanduku, kwa mtu asiye wa ukoo ule, na isifunguliwe bila watu wawili wa familia kukaa pamoja na kuomba.

Tulimwuliza mama wa dakika 11 mwenyewe. Alikigeuzageuza kipande chake cha mfano, akapitisha kidole juu ya ile alama. Hakuuliza juu ya nakala. Alisema alama ya mchi si yake, yeye hakuutunga ule wimbo akitwanga, aliutunga akichota maji, na seremala achonge upya. Seremala anachonga mtungi. Mkutano wa kufuata utaangalia shauri la nakala, na wanafunzi wameomba wapewe sauti katika kura.